Samaki wa Ijumaa bila bia wala shahamu

Ijumaa hapa Leeds, kaskazini mwa Uingereza, ina mtihani wake. Watoto wakitoka shule wanapita mbele ya duka la samaki na chipsi, na ile harufu inawafuata mpaka mlangoni kwangu. Huku Yorkshire maduka mengi ya jadi hukaangia shahamu ya ng'ombe, tena ndiyo fahari yao. Ukiwaambia habari za mafuta ya mbegu wanakuona hujui kula. Sasa huyo ng'ombe kachinjwa vipi, hilo si swali la kumuuliza mtu mwenye foleni inayofika nje. Na wako wanaokoroga rojo lao kwa bia. Basi sisi tunakula cha nyumbani, na mpishi ni mimi.

Leo nilikuwa namenya mbatata huku nimeweka simu kwenye spika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba mwanangu. Mnapika nini leo?"

Nikamweleza: samaki anachovywa kwenye rojo la unga, anakaangwa, analiwa na chipsi. Akanyamaza kidogo. "Hana ndimu? Hana thomu? Hana hata pilipili manga? Huyo samaki anaumwa?"

"Chumvi ipo, mama."

"Haya. Mungu awajaalie."

Namwelewa. Tanga samaki hukaangwa na ngozi yake, kapigwa chale na viungo vimeingia mpaka mfupani, anakaushwa kiasi cha kulika hata kesho yake. Huku kazi ni nyingine kabisa. Rojo likigusa mafuta ya moto linajifunga papo hapo, na samaki aliye ndani anaivia mvuke wake mwenyewe wala haguswi na mafuta. Ukiuvunja ule ukoko, nyama inaachana vipande vyeupe vyenye maji, na utamu wake ni mdogo, wa kusikilizia. Ukimpaka masala humpati tena. Nimekubali kumwacha alivyo. Watu wa kusini mwa Uingereza hupenda samaki aitwaye cod, huku wanataka haddock, na mimi katika hili nimeshakuwa mtu wa huku: haddock ana ladha zaidi. Nanunua minofu, naikausha vizuri kwa karatasi za jikoni, naitia chumvi, halafu naipaka unga mkavu ili rojo lipate pa kushika.

Rojo lenyewe kwetu si geni. Mtu aliyekula viazi karai barabarani analijua. Tofauti ni manjano, na mwanangu mkubwa alikuwa amesimama pale kuhakikisha siyatii. "Mama, kama ya dukani." Sawa. Gramu 200 za unga wa ngano, 50 za unga wa mchele, kijiko kidogo na nusu cha beking pauda, chumvi, na kama mililita 300 za maji ya gesi yaliyolala kwenye friji. Nakoroga kidogo tu, mabonge madogo nayaacha. Ukilipiga sana rojo linavutika na ukoko unakuwa mgumu wa kutafuna. Likiwa na uzito wa kufunika mgongo wa kijiko, limefika.

Bia hawaitii kwa ladha peke yake. Ina gesi ya kulifanya rojo liumuke, na kileo chake huruka haraka kuliko maji, kwa hiyo ukoko unakauka upesi. Gesi ninayo kwenye maji yangu. Kazi ya kukausha nimempa unga wa mchele.

Kuna jirani aliwahi kuniambia, kwa upole tu, kwamba bila bia si ile yenyewe ya asili. Asili ipi? Samaki wa kukaanga waliletwa London na Mayahudi wa Ureno na Uhispania waliokimbia mateso huko kwao. Walikaangia mafuta ya mimea kwa sababu mafuta ya nguruwe ni haramu kwao, na walikaanga Ijumaa ili Sabato wamle akiwa baridi, maana siku hiyo hawawashi moto. Chipsi ziliungana naye baadaye, katika miaka ya 1860. Watu wa London wanamtaja Joseph Malin, Myahudi wa mashariki ya mji. Wa kaskazini wanamtaja John Lees wa Mossley, mwaka 1863. Mimi naishi kaskazini, upande wangu unajulikana. Halafu meli za uvuvi za Hull na Grimsby na njia za reli zikawafikishia wafanyakazi wa viwandani samaki wa bei nafuu. Hata Vita vya Pili vya Dunia vilipobana na vyakula vingi vikawa vya mgao, samaki na chipsi hawakuguswa. Chakula kilichoanzishwa na watu waliokuwa wakiepuka haramu yao hakiwezi kunikataa mimi kwa kuepuka yangu.

Chipsi hazina haraka. Mbatata ninayotumia ni Maris Piper, ipo madukani tangu mwaka 1966, ina unga mwingi ndani na haijai maji. Unene wa kidole, naziosha mpaka maji yatoke safi, nazikausha. Kwanza zinaingia kwenye mafuta ya nyuzi 130 mpaka zilainike bila kupata rangi, nazitoa zipoe kabisa, kisha mafuta ya 190 yanazimalizia. Anayekaanga mara moja tu anapata kitu, ila si chipsi za huku.

Samaki namshika mkiani. Namshusha taratibu kuelekea upande usio wangu, nusu yake ikiwa ndani namshikilia kidogo, namtikisa, naona rojo linavimba na kuelea, ndipo namwachia. Ukimtumbukiza ghafla anazama na kushika chini ya karai. Mafuta yako kwenye nyuzi 180 hivi. Mwanzo yananguruma, maji yakipungua kwenye ukoko kelele inashuka, inakuwa ya kuchechea. Kwa sikio hilo nageuza, kwa sikio hilo natoa, kama dakika sita au saba kwa mnofu wa kawaida. Namweka juu ya wavu. Kwenye karatasi mvuke wake mwenyewe unamlowesha chini.

Yale matone ya rojo yaliyokaangika peke yake nayaopoa kwa kijiko cha matundu. Dukani huku wanayaita scraps na wanayagawa bure, na watoto wangu wanayagombania kuliko samaki.

Njegere za kuponda nililoweka jana usiku kwa magadi kidogo. Watoto hawazitaki, nazila mimi. Siki ya shayiri juu ya chipsi, chumvi kwanza ndipo siki. Na pembeni, mbali na macho ya mkubwa, kibakuli changu cha ukwaju na pilipili.

Kilichokosekana ni ile ladha nzito ya shahamu, nisiseme uongo, mafuta ya alizeti hayaitoi. Lakini mchinjaji wetu wa halali huyatupa mafuta ya ng'ombe kila siku. Kesho nikienda kuchukua nyama nitamwomba aniwekee kilo mbili, niyayeyushe mwenyewe, dirisha likiwa wazi.