Hedifoni za kuzuia kelele chini ya laki mbili: anza na sponji

Muuzaji wa Makoroboi, Mwanza, atakuwekea wimbo wenye besi nzito, atapandisha sauti mpaka mwisho, kisha atakuuliza, "Unaionaje, bosi?" Kwa jaribio hilo hata hedifoni mbovu inafaulu. Mwambie azime muziki kwanza.

Kabla ya kuvaa, soma boksi. ANC ndiyo inayozuia kelele zisikufikie wewe. ENC ni kitu kingine: inasafisha sauti ya maiki ukiwa kwenye simu, ili unayeongea naye asisikie daladala za Buzuruga. Wewe utazisikia kama kawaida. Hedifoni nyingi za bei ya kutupa zimeandikwa ENC kwa herufi kubwa, na mnunuzi anadhani ameokota dhahabu. Hata ile namba ya "desibeli 40" isikubabaishe, maana ni kilele chake kwenye sauti chache nzito, si punguzo la kila kelele.

ANC inafanya kazi hivi: maiki ndogo zinanasa kelele, chipu inatengeneza wimbi lililo kinyume chake, na mawimbi hayo mawili yanauana. Hilo linawezekana vizuri kwa sauti nzito zinazovuma mfululizo, kama injini ya meli ya Ukerewe, basi la Bukoba, jenereta ya duka la jirani au feni. Kuanzia kama Hz 1,000 kwenda juu, yaani kwenye sauti nyembamba, mawimbi ni mafupi mno, chipu haiwahi, na mzigo unabaki kwa sponji zinazozunguka sikio. Ndiyo maana kondakta, mtoto anayelia na grinda ya fundi mageti watapenya hata kwenye hedifoni ya bei mbaya. Na ndiyo maana usiivae ukiwa barabarani: mngurumo wa lori linalokuja nyuma yako ndio hasa unaofutwa.

Sasa sponji, na hapa ndipo starehe na sauti vinakuwa jambo moja. Isipoziba vizuri kuzunguka sikio, besi inavuja kwenda nje na mngurumo unaingia ndani, hata chipu ikiwa nzuri kiasi gani. Miwani yenye fremu nene inaacha upenyo, na misuko minene ni hivyo hivyo. Kwa wanaovaa hijabu, kitambaa kikipita kati ya sponji na ngozi kinapunguza besi. Ni bora hedifoni ikae chini ya mtandio. Jipime hivi: weka wimbo kwa sauti ya kati, kisha kandamiza vikombe vyote viwili taratibu kwa viganja. Besi ikipanda ghafla, ujue sponji hazijaziba. Ikibaki vilevile, umepata saizi yako.

Sikio liingie lote ndani ya tundu. La mtu mzima lina urefu wa sentimita 6 hivi, kwa hiyo tundu dogo kuliko hapo litalikalia. Angalia na kina: sikio likigusa kitambaa cha ndani, litaanza kuuma taratibu. Uzito wa gramu 250 unavumilika. Ikizidi 300, utosi utalalamika. Ivae dakika 20 dukani bila aibu, muuzaji akinuna anune, kwa sababu maumivu ya kubanwa hayaji mara moja. Yanaanzia chini ya sikio karibu na taya, au utosini. Ikibana kidogo tu na upinde wake una bati la chuma ndani, ivalishe usiku kucha kwenye boksi lililopita kidogo upana wa kichwa chako. Ya plastiki tupu usiijaribu hivyo, itakatika kwenye maungio.

Kwa joto la mchana la Mwanza, ngozi bandia inatoa jasho na baadaye inachubuka vipande vipande. Ifute kwa kitambaa kikavu kila ukiivua, na usiiache kwenye dashibodi ya gari. Sponji za kitambaa zinapitisha hewa, ila zinavujisha besi. Ukibadilisha, tafuta zenye unene na tundu sawa na za mwanzo. ANC imepangwa kwa nafasi ile ile kati ya spika na sikio. Ukiibadilisha, besi inavimba au mluzi unatokea.

Kujaribu ANC yenyewe, sogea karibu na feni au jenereta, bila muziki, washa na kuzima mara kadhaa. Mngurumo ushuke waziwazi. Kama kinachobadilika ni taa tu, rudisha. Kisha ingia sehemu tulivu: sauti nyembamba ya "shhh" ni ya kawaida kwa bei hii, lakini ikisikika hadi ndani ya muziki, achana nayo. Wengine watahisi masikio yamejaa. Hiyo si hewa, ni ubongo kukosa sauti nzito ulizozizoea, na kupunguza kiwango cha ANC husaidia. Kwenye kivuko cha Kamanga, ukisimama nje upepo wa ziwa unapiga maiki na kugeuka mvumo ndani ya kikombe. Hapo zima ANC, sponji zitatosha.

Sauti ipime mwisho, kwa nusu ya kiwango, na wimbo unaoujua. Rumba inafaa sana: je, gitaa la solo, la rithimu na besi unayatofautisha, au besi imemeza yote pamoja na mwimbaji? Besi nyingi ndilo tatizo la karibu hedifoni zote za bei ndogo. Dawa yake ni kushusha ikwalaiza (kirekebisha sauti cha kwenye simu) kati ya Hz 60 na 250 kwa desibeli 2 hadi 4. Ukipandisha sauti nyembamba (trebo) badala yake, utachoka masikio. Sikiliza ANC ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa, maana nyingine zinabadilika kama vifaa viwili tofauti. Fungua na video, utazame kama midomo inaendana na maneno. LDAC, njia ya kurusha muziki kwa Bluetooth kwa ubora wa juu, isikuongezee bei, kwani SBC, ile ya kawaida, inatosha kwa spika za daraja hili. Mwisho chomeka waya wa sauti huku hedifoni imezimwa. Kama haitoi sauti, chaji ikiisha katikati ya ziwa itabaki pambo la shingoni.