Siku Nilipokata Kona kwa Mkao wa Bata

Wanaoshindana mbio kwenye ubao wa theluji hufunga miguu yote miwili ikielekea mbele, na ndivyo walivyoteremka Nagano mwaka 1998, mchezo huu ulipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza. Mimi nilipanda Blue Mountain, karibu na Collingwood, Ontario, Februari 2019, nikiwa nimefunga miguu kwa mkao wa bata: wa mbele nyuzi 15 kuelekea pua ya ubao, wa nyuma nyuzi 15 kuelekea mkia. Nilikwisha kusikia mara nyingi kwamba mkao huo ni wa kuruka na kuteleza kinyumenyume, wala haufai kukata kona, yaani kugeuka kwa ukingo wa ubao bila kuchepuka. Shemeji yangu, mzaliwa wa Tanga aliyekaa Kanada miaka mingi, hakukubaliana na maneno hayo, nami nilitamani sana awe amesema kweli.

Kilima hicho si kirefu, mita 220 hivi kutoka chini hadi juu, lakini asubuhi, mashine za usiku zikiisha kusawazisha theluji, uso wake huwa mgumu na ukingo wa chuma hushika barabara. Kona za upande wa vidole, ubao ukilalia ukingo wa mbele ya vidole, hazikunisumbua. Niliegemeza miundi kwenye ulimi wa kiatu, nikasogeza nyonga juu ya ukingo, na kwa kuwa ubavu wa ubao umebonyea, ubao ulipolala ulipinda na kuzunguka wenyewe bila kusukumwa.

Shida ilikuwa upande wa visigino, kwenye ukingo wa nyuma yangu. Kila nilipougeukia, mkia ulichepuka na kukwangua theluji kwa kishindo, ukiacha nyuma alama pana iliyochafuka. Shemeji alisimama juu ya alama hiyo akaitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Shemeji, goti lako la nyuma linaangalia wapi?" Lilikuwa limeangukia ndani, likifuata la mbele, na nyonga zilikuwa zimejipinda pamoja nalo. "Lisukume nje, lielekee vidole vyake. Halafu vivute vidole vyote juu, ndani ya kiatu."

Nililisukuma hadi paja likaniuma. Mkwaruzo ukakoma, ubao ukatulia chini yangu, na nilipogeuka kutazama nikaona mfereji mmoja mwembamba, usiofikia upana wa kidole, umepinda kutoka ukingo wa njia hadi katikati. Nadhani wanaoudharau mkao huu hawajawahi kulishughulikia goti hilo ipasavyo.

Mkao wa bata una mpaka wake, kwa sababu mguu hukaa karibu kukingama kwenye ubao, na ukiulaza ubao mno, ncha ya kiatu hugusa theluji na kuung'oa ukingo. Msimu uliofuata nilinunua ubao mpana zaidi kiunoni, nyuzi zangu nikaziacha zilivyokuwa.