Nilivyompata Babu Aliyebadili Jina

Ukienda Makavazi ya Kitaifa, panapotunzwa nyaraka za zamani za serikali, pale Moi Avenue uombe faili la babu yako, utatoka mikono mitupu, hata kama babu aliishi Nairobi miaka hamsini. Serikali ya kikoloni haikumfungulia mtu wa kawaida faili. Ilifungua faili la wilaya, la kodi, la ardhi, la malalamiko, na babu yako kama yumo basi yumo katikati ya mambo ya watu wengine. Hayo niliambiwa katika kikundi chetu cha historia ya familia, kinachokutana Jumamosi moja kwa mwezi katika ukumbi wa kijamii huku Eastlands. Bila wao ningekuwa bado namtafuta mtu kwa jina ambalo si lake.

Kikundi chenyewe hakina ofisi wala bajeti. Yumo mwalimu mstaafu ambaye babake alizolewa katika Operesheni Anvil, ule msako wa Waingereza dhidi ya Mau Mau jijini Nairobi, Aprili 1954. Yumo mama mmoja Mgoa, wa asili ya Goa kule India, anayefuata nyayo za wazee wake waliofanya kazi reli. Wamo vijana wawili Wanubi kutoka Kibra wanaorekodi nyanya zao kwa simu. Kila mkutano mmoja wetu huweka mezani alichonacho, cheti au picha au risiti iliyochakaa, na wenzake wanamhoji kama polisi. Jina huja baadaye. La kwanza huwa: huyu mtu alipita mikononi mwa ofisi gani?

Ni swali zuri kuliko linavyosikika. Aliyebatizwa Mkatoliki, ndoa yake huandikwa pembeni mwa mstari wake katika rejista ya ubatizo, kwa hiyo parokia aliyobatiziwa utotoni inaweza kukuonyesha alikooa akiwa mtu mzima. Aliyeoa Kiislamu, kuna sheria ya kusajili ndoa hizo tangu 1906, kwa hiyo uliza kwa kadhi. Aliyeacha mali, matangazo ya mirathi hutoka katika Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo limechapishwa tangu 1899 na siku hizi matoleo yake ya zamani yanasomeka kwenye intaneti. Yule mama Mgoa aliwapata wazee wake wawili humo jioni moja tu, amekaa nyumbani anakunywa chai. Nilimwonea wivu waziwazi.

Babu yangu hakuacha mali ya kutangazwa. Alikuwa mpishi, akakaa kijiji cha Pangani mpaka kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, akahamia Majengo, Pumwani, katika nyumba ya udongo ya nyanya. Ndiyo, ya nyanya. Wanawake wengi wa Majengo walikuwa na nyumba zao, na risiti za kodi ya kiwanja zilizobaki kwenye kasha letu zina jina lake yeye, si la mumewe. Cha ajabu ni kwamba mwanamke huyo mwenye nyumba aliishi karibu maisha yake yote bila kitambulisho, maana sheria haikuanza kuwasajili wanawake mpaka 1978. Ukimtafuta mwanamke wa Nairobi wa zamani, anza na nyumba.

Kwenye kasha mlikuwemo pia kibweta cha chuma cha kipande, yaani kitambulisho cha enzi ya ukoloni, kile ambacho wanaume wa Kiafrika walilazimishwa kukivaa shingoni baada ya Vita vya Kwanza. Kilikuwa kitupu. Karatasi yenyewe, iliyokuwa na jina, kabila, wilaya, alama za vidole na waajiri wake wote, haikuwemo. Wajomba wanasema aliichoma mwenyewe, na mimi sina kinyongo naye kwa hilo.

Kilichobaki ni cheti cha ndoa cha kadhi, nacho kilimwita fulani bin Abdallah. Nilikuwa nimeshaanza kumsaka huyo Abdallah kwa bidii, hadi mzee mmoja wa kikundi, Mwislamu wa Pumwani kama sisi, aliponicheka. "Kijana wangu, huyo Abdallah usimtafute. Babu yako alisilimu hapa mjini." Akanieleza kwamba vile vijiji vya mwanzo vya Waafrika, Mji wa Mombasa, Maskini, Kileleshwa na Pangani, vilikuwa vimejaa watu wa bara waliosilimu. Mtu alipewa jina jipya, na mahali pa jina la baba akaandikiwa Abdallah, mja wa Mungu. Nusu ya Majengo ni wana wa Abdallah mmoja ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Basi karatasi ziliishia hapo. Nikaenda kwa shangazi, binti wa mwisho wa babu, ambaye ana miaka zaidi ya themanini na hapendi maswali ya moja kwa moja. Kikundi kilikuwa kimenifunza: usimuulize mzee tarehe, muulize nani alimkasirikia nani.

"Shangazi, babu alikuwa akimwita baba kwa jina gani?"

"Jina la kuitwa au jina la kufokewa?"

"Yote mawili."

"La kufokewa lilikuwa la Kikamba," akasema, akalitamka palepale kwa sauti ya babake. Sitaliandika hapa, wajomba hawajakubali. Lakini Wakamba humpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, na baba yangu ndiye aliyekuwa kifungua mimba. Kwa hiyo babu, pamoja na kanzu yake na kofia yake, alikuwa amelificha jina la babake mzazi ndani ya nyumba miaka yote hiyo, akilitoa tu akiudhika.

Mambo mengine yalifuata bila kusukumwa. Babu alisema alizaliwa wakati wa njaa ya Ngomanisye, nayo inajulikana: ni ile iliyoiangamiza Ukambani karibu na 1898 na 1899. Alijitapa kuwa ukoo wao ni Anzauni. Na kulikuwa na chifu mmoja ambaye babu alimlaani mpaka anakufa, kwa sababu ndiye aliyemtoa, kijana wa chini ya miaka ishirini, akapelekwa Kariakoo, yaani Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi cha Vita vya Kwanza, kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza. Jina la chifu huyo shangazi analo kichwani mpaka leo. Chuki hutunza kumbukumbu kuliko mapenzi, ukiniuliza mimi.

Sasa ndipo Makavazi yakawa na maana. Nililipa ada ya msomaji, nikaacha begi chini, nikapanda chumba cha kusomea. Faili za mkuu wa wilaya ya Machakos zina alama DC/MKS, na unaziomba kwa namba, moja baada ya nyingine. Sikuwa namtafuta babu tena, nilimtafuta chifu, kwa kuwa machifu huandikwa: ripoti za mwaka zinawasifu, zinawalaumu, zinataja nani anasimamia lokesheni gani, yaani eneo la chifu. Wangu nilimpata katika ripoti za miaka ya vita, na lokesheni yake ikanipa eneo. Nakala za faili nyingi za namna hii ziko kwenye filamu ndogo huko Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, kwa hiyo yuko mwanafunzi wa New York anayeweza kusoma habari za chifu wetu kwa urahisi kuliko mjukuu wake aliyeko Mwala, huku Machakos. Hilo linaniudhi, lakini angalau zipo.

Kuhusu Kariakoo penyewe usitarajie orodha. Wachukuzi wengi walizikwa bila kaburi lenye jina, na tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba wafu wa Kiafrika hawakukumbukwa sawa na wenzao. Nenda Kenyatta Avenue ukatazame sanamu ya askari, iliyosimamishwa 1928. Maandishi yake yanawaita wachukuzi miguu na mikono ya jeshi, na yanawaahidi kwamba hata wakifa, wana wao watakumbuka majina yao. Jina hata moja halikuandikwa.

Nikiwa na jina la baba wa babu, ukoo na lokesheni, nilikwenda kwenye mkutano wa ukoo. Koo za Wakamba zimejipanga vizuri kuliko vyama vingi vya siasa: zina viongozi, daftari la wanachama, michango ya matanga na karo. Nilimchukua shangazi, kwa sababu mtu wa jina la Kiislamu akiingia peke yake kudai ujamaa, watu huanza kufikiria shamba. Tulisema mapema kwamba hatudai ardhi. Wazee walimhoji yeye, si mimi, kwa Kikamba chake kilichochanganyika na Kiswahili cha Majengo. Alipolitaja jina la kufokewa, mzee mmoja akauliza huyo kijana aliondoka lini. Wakati wa Kariakoo, shangazi akajibu. Yule mzee akasema kwao walihesabu kuwa alifia vitani, na kwamba jina lake la Kikamba alipewa mtoto wa nduguye. Mtoto huyo alikuwa babake mzee mwenyewe.

Sasa tunasubiri kusafiri pamoja. Kikundi kimeniomba niandike ukoo wote kwenye karatasi moja kubwa kwa ajili ya mkutano ujao, na shangazi amekataa picha yake iwekwe mpaka ashone dera jipya. Kwa upande wa Anzauni, mweka hazina alituandika daftarini siku ileile, akatupa namba ya kutumia M-Pesa na kututajia mchango wa matanga wa mwezi huo. Binamu yangu wa Eastleigh bado analalamika.