Karata ya kielektroniki mbele ya mchunguzi wa hataza

Ombi la hataza, yaani haki ya kisheria inayomlinda mvumbuzi, linalohusu karata za kielektroniki huonekana jepesi mpaka mtu alisome kwa jicho la mchunguzi. Karata zenyewe zinajulikana tangu zamani, na chipu, antena na skrini nyembamba nazo si ngeni tena. Ugumu unaanza pale mvumbuzi anapochanganya kanuni za mchezo na ufundi wa kifaa ndani ya sentensi moja, kisha akaomba vyote vilindwe kwa pamoja.

Nitatumia mfano nilioutunga mwenyewe, maana maombi ya watu si ya kuanikwa hadharani. Tuseme dai la kwanza, yaani sentensi inayotaja kile kinachoombewa ulinzi, linasomeka hivi: "Kifaa cha kuchezea karata, chenye karata kadhaa ambazo kila moja ina skrini upande mmoja, chipu na antena, pamoja na sanduku la kugawia ambalo huandika kwenye kila karata inayotoka thamani iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, ambapo mchezaji mwenye pointi chache kuliko wote hugawiwa karata ya ziada."

Mwombaji wa aina hii kwa kawaida huringia kipande cha mwisho. Hicho cha karata ya ziada ndicho kinachoufanya mchezo unoge, na ndicho alichokieleza kwa kurasa nyingi. Kwa mchunguzi, hata hivyo, kipande hicho ni garasa. Mkataba wa Hataza wa Ulaya, uliotiwa saini mwaka 1973, unataja katika kifungu cha 52 kwamba mipango, kanuni na njia za kucheza michezo hazihesabiwi kuwa uvumbuzi, ingawa kifungu hichohicho kinaongeza kuwa katazo hilo linahusu mambo hayo yakidaiwa yenyewe peke yake. Dai letu lina sanduku, chipu na skrini, kwa hiyo linavuka kizingiti hicho bila shida. Kinachosumbua ni kizingiti kinachofuata, cha hatua ya uvumbuzi, yaani kwamba kitu kinachodaiwa kisiwe dhahiri kwa fundi wa fani hiyo.

Tangu uamuzi wa T 641/00 wa mwaka 2002, unaofahamika kwa jina la Comvik, Ofisi ya Hataza ya Ulaya hupima hatua ya uvumbuzi kwa sifa zinazochangia utatuzi wa tatizo la kiufundi tu. Kanuni ya mchezo haifutwi katika dai, bali huhamishiwa upande wa mahitaji: tunamfikiria fundi mwenye ujuzi wa kawaida aliyeagizwa na mbuni wa mchezo kwamba mwenye pointi chache apewe karata ya ziada, kisha tunauliza kama kutekeleza agizo hilo kungemtoa jasho. Kuhesabu pointi na kuliamuru sanduku litoe karata moja zaidi ni kazi ya programu fupi. Napenda utaratibu huu kwa sababu haumdharau mbuni wa mchezo. Unasema tu kwamba ubunifu wake hauko katika fani inayolindwa na hataza.

Marekani wanapita njia nyingine. Baada ya uamuzi wa Mahakama Kuu ya nchi hiyo katika kesi ya Alice mwaka 2014, dai linalohusu wazo la kidhahania huhitaji kitu cha ziada cha kulibadilisha. Mwaka 2016, katika shauri la In re Smith, mahakama ya rufaa ilikataa dai la njia ya kuchezesha kamari ya karata, ikisema kuwa kuchanga na kugawa karata za kawaida hakuongezi chochote cha kiuvumbuzi. Lakini mahakama hiyohiyo ilidokeza kwamba dai la kuendesha mchezo kwa seti ya karata iliyo mpya au ya kubuniwa lingeweza kuwa na bahati tofauti. Mwombaji wa karata za kielektroniki huushika mdokezo huo kama turufu, na si bure. Ajihadhari tu na shauri la mwaka 2018 la Marco Guldenaar, lililohusu dadu zilizotiwa alama kwenye baadhi ya nyuso zake: alama zilizochapwa zikibeba maana tu, bila uhusiano wa kiutendaji na kitu chenyewe, hazikipi kitu hicho stahili ya hataza. Skrini inayoonyesha kopa badala ya shupaza, ikiishia hapo, inaukaribia mtego huo.

Sasa twende kwenye upekuzi wa nyaraka za awali zinazoweza kulipinga ombi. Mahali pa kuanzia ni daraja la A63F 1 la uainishaji wa kimataifa, penye michezo ya karata, kisha G07F 17/32 kwa mashine za michezo ya kulipia, na G06K 19 kwa vibebea taarifa vyenye chipu. Wengi huishia daraja hilo la kwanza, na hapo ndipo wanapokosa waraka ulio hatari zaidi kwa ombi, kwa kuwa kadi yenye chipu na skrini ya wino wa kielektroniki haina haja ya kuitwa karata ya kuchezea. Sharti la kwamba kitu kiwe kipya halivunjwi mpaka waraka mmoja uwe na sifa zote za dai. Hatua ya uvumbuzi, kinyume chake, inaweza kuvunjwa kwa nyaraka mbili, iwapo fundi angekuwa na sababu ya kuziunganisha, na kwa dai letu nadhani sababu hiyo ipo.

Je, ombi limekufa? Hapana, maana dai ni sehemu moja tu ya ombi, na maelezo ya kifaa yanayoambatana nalo hayajasomwa. Wino wa kielektroniki hushikilia picha bila umeme na huhitaji nishati pale tu picha inapobadilishwa, jambo linalofaa sana kwa karata isiyo na betri, inayopata umeme kutoka katika uga wa sumaku-umeme wa sanduku. Kasoro yake ni kwamba picha ya zamani huweza kuacha kivuli hafifu. Kwenye kisoma-vitabu kivuli hicho ni kero ndogo. Kwenye karata kinaweza kumfichulia mchezaji mwenye macho makali historia ya kila karata. Tuseme basi kwamba aya moja karibu na mwisho wa maelezo inasema sanduku huifuta skrini mara karata inaporudishwa, na thamani mpya huandikwa baadaye, karata inapotoka. Visoma-vitabu hufuta na kuandika kwa mkupuo mmoja. Kutenganisha vitendo hivyo kunazipa karata zote mandhari ileile kabla ya kuandikwa, na kunapunguza nishati inayohitajika wakati wa kugawa. Hapo kuna tatizo la kiufundi na jibu la kiufundi, na hakuna kanuni ya mchezo iliyoguswa.

Mwombaji anaruhusiwa kuihamishia aya hiyo kwenye dai la kwanza, kwa sharti la kifungu cha 123 cha Mkataba wa Hataza wa Ulaya kwamba asiongeze jambo lolote lisilokuwamo katika ombi lilipowasilishwa. Kama aya hiyo haikuandikwa tangu mwanzo, barua ya maelezo iliyotumwa baadaye haitaiokoa, hata iwe na hoja nzuri namna gani. Ndiyo maana huwa nawashauri wavumbuzi wapunguze kurasa za kusimulia mchezo na waeleze kwa kina mambo wanayoyaona madogo, kama vile unene wa karata, mpangilio wa antena, na jinsi chipu inavyokataa amri ya kisomaji kisicho cha sanduku lake.

Jambo la mwisho ni umbo la dai lililorekebishwa. Likidai sanduku na karata kwa pamoja, muuzaji wa masanduku pekee huenda asionekane kulivunja moja kwa moja, na kumfuata kwa njia ya uvunjaji usio wa moja kwa moja, yaani kuwawezesha wengine kulivunja, ni safari ndefu. Kwa kuwa kufuta na kuandika kunafanywa na sanduku, dai huru la sanduku peke yake, likieleza nyakati mbili za vitendo hivyo na likizitaja karata kama kitu ambacho sanduku limetengenezwa kukihudumia, linastahili kuwekwa kando ya dai la mfumo mzima.