Mchana Tuliohesabu Umri wa Malkia wa Piedras Negras

Nilipokuwa nikifundisha historia katika shule moja ya sekondari huku Unguja, nilikuwa na kipindi cha mchana kwa wanafunzi wa Kidato cha Tano waliopenda kusoma mambo ya kale yasiyokuwamo katika muhtasari. Somo ninalolikumbuka kuliko mengine ni la Wamaya, na hasa mchana tulioutumia wote juu ya jiwe moja. Sikutaka kuanza na piramidi, wala na ile hadithi ya taifa lililotoweka, kwa kuwa Wamaya hawakutoweka: mamilioni ya watu wanazungumza lugha za Kimaya hadi leo Guatemala na kusini mwa Meksiko. Nilitaka wanafunzi wapite wenyewe katika njia ya mtafiti, kutoka alama zilizochongwa hadi maisha ya mtu.

Nilichora ubaoni namba tano zilizomo katika jiwe linaloitwa Stela 3 (stela ni jiwe refu la kusimamishwa lililochongwa) ya Piedras Negras, mji wa kale ulio kando ya mto Usumacinta nchini Guatemala. Nukta ni moja, mstari ni tano, na alama mfano wa kombe ni sifuri. Zilisomeka 9, 12, 2, 0 na 16. Nikawaeleza kwamba namba ya mwisho huhesabu siku moja moja, inayoitangulia huhesabu siku ishirini ishirini, kisha 360, kisha 7,200, kisha 144,000. Hapo kijana mmoja hodari wa hisabati alisimama. “Mwalimu, ikiwa wanahesabu kwa ishirini, nafasi ya tatu ilipaswa kuwa 400.” Hoja yake ilikuwa sahihi kabisa, nami sikumjibu mara moja. Jibu lilitoka kwa mwenzake wa dawati la nyuma, aliyesema kwamba 360 inakaribia mwaka, na kwamba watu hao bila shaka walikuwa wakihesabu nyakati, si bidhaa. Tukajumlisha: siku 1,383,136 tangu mwanzo wa hesabu yao, Agosti mwaka 3114 kabla ya Kristo. Zikatufikisha Julai mwaka 674.

Niliuliza tarehe hiyo ni ya nini. Wengi walisema ni ya kujengwa kwa hekalu, na walikuwa na sababu, maana wanayajua maandishi ya msikiti wa Kizimkazi yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, yanayoeleza kujengwa kwake. Sikuwakatalia. Niliwapa tarehe mbili zinazofuata katika jiwe hilohilo: ya pili iko siku 4,520 baada ya ya kwanza, na ya tatu siku 7,790 baada ya ya pili. Nikawaomba wazigeuze ziwe miaka, kisha wafikirie ni kitu gani hupitia vipindi vya namna hiyo.

Chumba kilijaa mabishano. Kundi moja lilishikilia kwamba ni mizunguko ya nyota. Msichana mmoja, ambaye kwa kawaida hakuwa mwepesi wa kusema, alikuwa ameandika 0, 12 na 33 pembezoni mwa daftari lake. “Huu ni umri wa mtu,” alisema.

Ndipo nilipowasimulia habari za Tatiana Proskouriakoff, mzaliwa wa Tomsk nchini Urusi, aliyesomea usanifu majengo Marekani na kuchora magofu ya Piedras Negras. Wataalamu wakubwa wa wakati wake, Eric Thompson akiwa mmoja wao, waliamini kwamba maandishi ya Wamaya yalihusu nyakati, nyota na miungu. Yeye alizipanga stela kwa makundi kadiri zilivyosimama mbele ya mahekalu, akaona kwamba tarehe za kila kundi hazizidi urefu wa maisha ya binadamu. Makala yake ya mwaka 1960 ilionyesha kwamba mawe hayo yanasimulia watawala: kuzaliwa kwao na kutawazwa kwao. Thompson naye alikubali. Kwangu mimi, hoja hiyo ni miongoni mwa kazi bora kabisa za akiolojia ya karne ya ishirini, kwa sababu ilijengwa kabla maneno yenyewe hayajaweza kusomeka vizuri.

Mwanamke wa Stela 3 leo anaitwa Bibi K’atun Ajaw. Tarehe ya kwanza ni ya kuzaliwa kwake, ya pili ya kuposwa au kuozwa kwake kwa mrithi wa kiti cha mji huo, na ya tatu, mwaka 708, ya kuzaliwa kwa binti yake, ambaye amechongwa ameketi kitini pamoja na mama. Nilipotaja ile ya pili, wasichana walirudi kwenye daftari zao, na mmoja akauliza kwa ukali kama kweli alikuwa na miaka kumi na miwili tu. Nilimwambia ahakikishe mwenyewe kwa kugawanya tena, akagawanya, akapata jibu lilelile. Sikujaribu kulainisha jambo hilo. Tuliijadili ndoa ya kifalme kama mkataba wa nyumba mbili, na wasichana waliendelea kudai, kwa haki, kwamba mkataba huo uliamuliwa juu ya mtoto.

Kisha wakataka kujua umri wa mume. Niliwapa miaka yake, 664 ya kuzaliwa na 687 ya kutawazwa mwanzoni mwa Januari, wakapata kwamba alitawazwa akiwa na miaka ishirini na miwili, na mjadala ukaanza upya.