Nilivyoifufua boti ya tanga ya marehemu mjomba hapa Katonga, Ziwa Tanganyika

Wengi walinishauri niipasue kuni. Boti ya tanga ya marehemu mjomba ilikuwa imelala chini ya mwembe tangu watu walipohamia kwenye injini za kupachika, na masika kadhaa yalikuwa yameipitia bila hata kipande cha turubai juu yake. Mimi nikawa nawatajia Liemba, ile meli kongwe ya ziwa letu: Wajerumani waliizamisha mwaka 1916, ikaibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini. Fundi wangu, mzee aliyejifunzia kazi Ujiji, akanikata kauli: "Mwanangu, Liemba ni chuma, na mashine yake ilipakwa grisi kabla ya kuzamishwa. Hii ni mbao, tena imenyeshewa. Afadhali ingezama."

Alikuwa na hoja. Ziwa letu ni maji baridi, kwa hiyo hatuna wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao, lakini pia hatuna chumvi ya kuzuia kuoza. Kinachoua boti huku ni mvua inayotuama ndani. Basi kabla sijanunua hata msumari tuliikagua ubao kwa ubao, yeye akigonga kwa mpini wa tezo, mimi nikifuata na ncha ya kisu. Ubao mzima hulia kwa sauti kavu. Uliooza huitikia kwa sauti butu, na kisu kinazama chenyewe. Mkuku, ule uti wa mgongo wa boti chini, ulikuwa salama kabisa. Uozo wote ulikuwa upande wa tezi, yaani nyuma, pale majani ya mwembe yalipoziba vitundu vya kupitishia maji chini ya mataruma, zile mbavu za boti. Tukang'oa mataruma ya nyuma na mbao zilizoyashikilia, tukaweka mbao ngumu ya mninga. (Ukienda kununua mninga nenda na mtu anayeujua. Utauziwa mbichi uliokauka juu tu.)

Mafundi hawakunisumbua kuwapata. Mwaka huo, 2024, uvuvi ziwani ulifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 samaki wapate kuzaliana, na vijana wa dagaa walikuwa na nafasi. Ila ndiyo kiangazi chenyewe: mbao zilikauka mpaka mianya kati yake ikawa inapitisha mwanga. Vijana wakaona dawa ni kushindilia pamba mpaka ikatae. Mzee akawanyang'anya nyundo.

"Mkiijaza hivyo, mbao zikinywa maji zitakwenda wapi?"

Hapo ndipo kazi yote ilipo, kwa maoni yangu. Mbao kavu ikiloa inavimba, na ikikosa nafasi inasukumana na mwenzake mpaka misumari inang'oka kwenye mataruma. Tulisokota pamba iliyolowekwa mawese, tukaitia kwa patasi butu na nyundo ya mbao, pigo jepesi, ikae chini kidogo ya uso wa ubao. Juu yake puti, kisha rangi ya mafuta. Palipokuwa na mwanya mpana mno hatukuongeza pamba. Mzee alichonga kipande chembamba cha mninga akakipachika kwa gundi upande mmoja tu, upande wa pili ubaki huru.

Kabla ya kuishusha tulitandika magunia ndani tukawa tunayamwagia maji asubuhi na jioni, ili mbao zianze kunywa polepole. Kuishusha kwenyewe kulikuwa kelele tu: vigogo vya migomba chini, kamba mbele, watu wakiitikia harambee. Ziwa limepanda sana miaka ya karibuni, kwa hiyo hata njia haikuwa ndefu.

Ilivuja, tena vizuri. Tuliifunga kwenye maji mafupi, kijana akilala humo na kopo la kufulia ngama, yaani kuchota maji yaliyoingia, na kila kulipokucha maji yalikuwa yamepungua. Mianya ilipofunga ndipo tukasimamisha mlingoti. Ukiuweka mapema unasumbua viungo ambavyo bado havijatulia.

Mkaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, alitazama zaidi maboya ya kujiokolea kuliko ufundi wetu, nami sikubishana naye. Sasa kilichobaki ni tanga. Nimeshona la turubai la lori, na likiloa linakuwa zito kulivuta pamoja na foromali, ule mti unaobeba tanga. Upepo wa kusini ukivuma, kwenda Ujiji ni kupiga bisho, yaani kwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo, njia nzima, na turubai halipendi kazi hiyo. Natafuta kitambaa chepesi.