Ukiandika maelezo ya zana ya blokcheni, msomaji wako ni AI

Kazi ninayofanya siku hizi nikiielezea kwa watu wanaishia kuguna tu. Naandika maelezo ya zana inayosoma data za blokcheni (daftari la umma la miamala ya sarafu za kidijitali), ila anayeyasoma sio developa, ni ajenti wa AI, programu ya AI inayotumia zana kumfanyia mtu kazi. Yaani mtu anauliza "waleti yangu ina USDC ngapi" (USDC ni tokeni ya kidijitali inayolenga thamani ya dola moja), ajenti anapitia orodha ya zana alizopewa, anasoma yale maneno machache niliyoandika mimi, anachagua moja, anaiita, anajibu. Basi. Hatafungua ukurasa mwingine wala hatakuja inboksi kuniuliza kaka hapa ulimaanisha nini.

Tangu Anthropic watoe MCP (kanuni ya kuunganisha AI na zana) Novemba 2024 kuunganisha kumekua rahisi sana, zana unaipa jina, maelezo, na skima, yaani orodha ya vitu inavyopokea, umemaliza. Matokeo yake watu wanaweka jina get_balance, maelezo "Inaleta salio la waleti", wanaenda kulala. Mi naona hapo hujaandika kitu.

Chukua hilo salio lenyewe. Mkataba wa tokeni (programu inayotunza salio za tokeni hiyo) kule Ethereum, moja ya mitandao ya blokcheni, ukiuuliza salio haukwambii 100, unakurudishia mkia mrefu wa masifuri unaoishia na 5f5e100, hiyo ni heksadesimali, ukiigeuza unapata 100,000,000. Haya, milioni mia za nini? Kama ni USDC ya Ethereum ina desimali 6, yaani tarakimu sita za mwisho zinakaa baada ya nukta, kwahiyo ni dola 100. Kama ni DAI, tokeni nyingine ya dola, ina desimali 18, hapo huna hata senti. Afu kuna USDT, nayo ya dola, ya Ethereum ina desimali 6, ile ya mtandao wa BNB Chain ina 18, na kwenye skrini zote zimeandikwa USDT. Ukichanganya hizo mbili, mtu mwenye dola 100 anaambiwa ana trilioni 100. Developa akiona namba kama hiyo anashtuka anaenda kucheki, ajenti anaweza akakuandikia tu kwa lugha safi kabisa na pongezi juu.

Ndo maana nasisitiza hesabu ifanywe na zana yenyewe, asiachiwe ajenti. Na jibu lirudi kama maandishi, sio namba ya JSON (muundo ambao programu zinatumiana data), kwa sababu programu nyingi (JavaScript ikiwemo) zikishavuka 9,007,199,254,740,991 zinaanza kupoteza tarakimu za mwisho kimyakimya. Linaonekana dude kubwa hilo, ila kwa wei (kipimo kidogo kabisa cha ETH, sarafu ya Ethereum) hiyo haifiki hata ETH 0.01.

Maelezo yangu ya zana ya salio sasa hivi yanasomeka hivi:

"Inaleta salio la tokeni MOJA kwenye mtandao MMOJA. Mtandao lazima utajwe. Kama mtumiaji hajautaja muulize, usikisie. Salio limeshagawanywa kwa desimali, usiligawanye tena. Jibu likirudi tupu maana yake hakuna mkataba kwenye anwani hiyo, SIO kwamba salio ni sifuri."

Ni marefu, najua, na kila sentensi inakula tokeni za modeli (hizi ni vipande vya maneno AI inavyosoma, sio zile za hela), ila hakuna ya kutoa hapo. Hiyo ya kutaja mtandao ipo kwa sababu anwani ya waleti yako inayoanza na 0x ni ileile kwenye mitandao ya Ethereum, Base, Polygon, wakati hela inaweza kuwa kwenye mmoja tu, na ajenti ukimwachia mwenyewe anapenda kukimbilia Ethereum. Hiyo ya mwisho ni kwa sababu ukiita eth_call (amri ya kuuliza mkataba) kwenye anwani isiyo na mkataba hupati eror, unapata 0x tupu, na ajenti akiona utupu anasoma sifuri. Mwenye hela yake anaambiwa hana kitu.

Kuna utupu mwingine mbaya zaidi. Ukiulizia risiti ya muamala ambao bado haujaingia kwenye bloku (kurasa za miamala zinazounda blokcheni), amri ya eth_getTransactionReceipt inarudisha null, yaani hakuna kitu. Ajenti asipoambiwa, anamjibu mteja kwamba muamala haupo, mteja anatuma tena, kalipa mara mbili. Kwahiyo mi sirudishi null, narudisha sentensi: "haujaonekana kwenye bloku bado, usimshauri mtumiaji atume tena". Na risiti ikiwepo angalia status, 0x0 maana yake muamala umefeli japo una hashi (namba yake ya utambulisho) na uko kwenye bloku na gesi, yaani ada ya mtandao, imeshaliwa.

Halafu usalama, watu wanausahau kabisa huku. Jina la tokeni anaandika yeyote anachotaka, hata linki ya "dai zawadi yako hapa", afu anakurushia tokeni hiyo kwenye waleti bila ruhusa yako. Kwa macho yetu ni spamu, kwa ajenti ni maandishi kama maandishi mengine na anaweza kuyatii. Kwenye maelezo sema wazi majina ya tokeni ni data kutoka kwa watu baki, sio maelekezo, na bado kwenye zana yenyewe uyachuje, usitegemee maelezo peke yake.

Anwani nazo usizifupishe kwa nukta katikati ili zipendeze. Mei 2024 kuna mtu alituma WBTC (tokeni inayofuata bei ya Bitcoin) za kama dola milioni 68 kwenye anwani ya tapeli iliyotengenezwa ifanane na ile aliyokusudia mwanzo na mwisho (nyingi zilikuja kurudishwa, bahati yake). Ajenti anayeonyeshwa herufi sita za mbele na nne za nyuma hana namna ya kutofautisha, kwahiyo mpe zote 40 baada ya 0x.

Kupima maelezo kama yanafaa simuulizi ajenti kitu ambacho zana inakiweza, hapo wote wanafaulu. Namuuliza "mwenye waleti hii ni nani?" Akijibu jina, narudi kuandika upya. Akijibu kwamba zana hii haionyeshi mwenye waleti, naenda kwenye zana inayofuata, ambayo kwa sasa ni eth_getLogs (inasoma kumbukumbu za matukio ya mikataba), na hiyo ina balaa lake kwa sababu watoa huduma wengi wanakuwekea kikomo cha bloku ngapi unaruhusiwa kuuliza kwa mpigo, na kila mmoja ana kikomo chake.